Mimba ya Hetal na Kuku wa Sadaka

Upanga, Dar es Salaam
Jumatano, tarehe 12 Novemba. Asubuhi mawingu mazito, rasharasha tangu alfajiri, upepo hakuna kabisa.

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka mbali, na marahaba yako naipokea hata kama umeitoa kwa hasira. Goti lako linaendeleaje? Korosho za shamba la juu mmemaliza kuokota, au mvua imewawahi? Hamisi ameniambia unakohoa tena. Tafadhali usilale na moto wa kuni chumbani.

Mimi mwili mzima. Barua hii isome mwenyewe kwa miwani yako, usimpe Hamisi akusomee barazani, maana ina mambo ya wanawake. Ndiyo sababu sikupiga simu. Yako wewe huiweka kwenye spika, na mtaa mzima hujibu kabla yako.

Naanza na lililokuumiza. Ni kweli juzi Jumatatu nilipita Tingi na sikushuka. Ni kweli pia kwamba binamu Shaibu aliniona pale Nangurukuru, gari la wagonjwa liliposimama ili muuguzi abadilishe mtungi wa hewa. Aliacha meza yake ya samaki wa kukaanga, akaja dirishani, akaniita mara mbili. Sikumwitikia. Lakini si kweli kwamba nilimkunjia uso kwa kuwa nimepanda gari na Wahindi. Nilikuwa nimemkalisha mgonjwa kifuani pangu, mikono yangu imempita kwapani, na daktari wa Lindi alikuwa ametuonya kwamba akilala chali hata kidogo, maji yaliyojaa kwenye mapafu yatamzamisha. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa kifua changu. Shaibu ningemwona saa ngapi?

Tulipofika Tingi, mama mkwe wa mgonjwa, aliyekaa mbele na dereva, aligeuka. Akasema, "Zainabu, si hapa kwenu?"

"Ndipo, Ba."

"Dereva apunguze mwendo, umpungie mama yako mkono?"

"Asipunguze."

Nikaliona paa letu, nikauona na ule mpapai wako uliopinda, vikapita. Hamisi aliponiambia umesema "mwanangu amenipita kama jiwe la njiani," nililia hapa kibarazani mbele za watu. Sasa nakueleza kilichokuwa ndani ya lile gari, kisha uhukumu.

Saa hii ninapoandika, mgonjwa wangu yuko chumba cha upasuaji. Wamemwingiza asubuhi hii. Mimba yake inatolewa, Mama. Nimeliandika neno lenyewe kwa mkono wangu ili usije ukalisikia kwa Shaibu. Akitoka hai nitakuandikia humu humu. Asipotoka pia nitakuandikia humu humu.

Watu wa nyumba ninayofanyia kazi unawasikia tu, hujawahi kuwaona, kwa hiyo nitakueleza mmoja mmoja. Ni Wahindu, wale tunaowaita Mabaniani. Nyama hawali, samaki hawali, hata yai halivuki kizingiti cha nyumba ile ya Mitwero. Baba mwenye nyumba ni Bwana Nilesh, mnunuzi wa korosho, mpole na mwoga wa maneno. Mama yake tunamwita Ba, ndivyo wanavyoita mama kwa lugha yao. Ba amezaliwa Lindi mjini, na Kiswahili chake ukikisikia gizani utadhani ni shangazi fulani wa Lindi anakuja kuomba chumvi. Mke wa Bwana Nilesh ndiye Hetal, mgonjwa wangu. Yeye aliletwa na ndoa kutoka India, miaka sita sasa. Alifika hajui hata "karibu". Kiswahili nimemfundisha mimi jikoni, na ndiyo maana akikasirika hukasirika kama mtu wa Tingi.

Hetal alipata homa utotoni ikamshukia moyoni, na hakuna aliyejua mpaka mimba hii ilipoingia. Mwezi wa pili akawa hawezi kupanda ngazi. Mwezi wa tatu akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na usiku nasikia anavuta hewa kama mtu anayekunywa uji wa moto. Daktari wa hospitali ya mkoa, dada mdogo tu mwenye sauti ya taratibu, alituketisha wote akasema: mlango mmoja wa moyo wake umekaza, damu haipiti vizuri, na kila mimba inavyokua moyo unadaiwa kazi usiyoiweza. Mtoto hatafika, na mama hatafika. Akasema sheria ya nchi haiwaruhusu kutoa mimba kwa kupenda, ila kuokoa maisha ya mama inawaruhusu, na hapa ni maisha. Akataka familia ikubali mapema, kabla tumbo halijakua zaidi.

Bwana Nilesh akamtazama Ba. Ba akasema, "Twende nyumbani."

Sasa sikiliza, Mama, maana hapa ndipo penye fundo. Mimi nilidhani Ba ni mtu wa roho ngumu tu. Kumbe sivyo. Mume wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Mzee, alifariki mwaka jana wakati wa upepo wa kusi. Wiki ile Hetal alipopitisha siku zake, Ba alimwota Mzee amesimama mlangoni na lile begi lake la safari, anapangusa miguu kwenye mkeka. Kwao wao mtu akifa roho yake haikai barzakhi kungoja kama tunavyoamini sisi. Inarudi duniani kwa tumbo lingine. Na wanaamini roho huwamo tangu siku ya kwanza mimba inapotunga. Kwa hiyo Ba hakuwa anatetea mimba. Alikuwa anamtetea mume wake.

Nilijaribu kumsihi, jioni moja tunachambua dengu. Nikamwambia, "Ba, daktari amesema wote wawili watakwenda."

Akasema, "Roho ni msafiri, Zainabu. Anashuka kituo hiki, anapanda gari lingine. Mzee wangu amehangaika huko, amepata gari la kurudi nyumbani kwake. Wewe unataka nimwambie gari limejaa?"

Nikainamia sinia la dengu. Angekuwa Baba, mimi ningesema limejaa?

Hetal mwenyewe alimpigia simu kuhani wao mmoja, mtu mzima, anayekaa hapa Dar. Akamweleza yote. Kuhani akamwambia kwamba kuitoa mimba kwao ni dhambi nzito, katika zile nzito kabisa, kwa kuwa kutodhuru kiumbe ndiyo nguzo ya dini yao. Lakini akasema pia kwamba hata matabibu wao wa zamani, mama anapokuwa anakufa, walimwokoa mama, kwa sababu aliyekwisha kusimama duniani ana watu wanaomtegemea na ana wajibu hajaumaliza. Hetal akamwekea Ba simu sikioni asikie mwenyewe. Ba alisikiliza mpaka mwisho, akaaga kwa heshima, akakata. Kisha akasema, "Anasema hivyo kwa sababu hakumjua Mzee."

Yupo na mtu mwingine pale nyumbani, ambaye amepanga chumba cha uani. Anaitwa Lan, mwanamke wa Vietnam, umri kama wangu. Huja kila msimu wa korosho kwa ajili ya kampuni ya kwao. Kazi yake ni kupasua korosho ghalani na kusema hii nzuri, hii mbovu. Kiswahili amekiokota kwa wapakuzi, basi kila kitu kwake kina daraja. Jua likiwa kali atasema, "Leo jua daraja la kwanza." Chai yangu siku moja aliipa daraja la tatu, nikamnyang'anya kikombe. Yeye ni wa dini ya Buda. Ana kijipicha chake chumbani na vijiti vya ubani, hana makelele na mtu.

Aliposikia kinachoendelea alikuja jikoni, akakaa kwenye kinu changu kilichopinduliwa. Nikamuuliza, "Na kwenu nyie dini inasemaje?"

"Kwetu kuua ni kuua," akasema. "Hata mdudu. Mtoto tumboni ni mtu, tangu mwanzo. Kosa daraja la kwanza."

"Basi Hetal afe?"

"Sijasema afe. We Zainabu, una haraka kama mpakuzi." Akaanza kuchezea mchi. "Buda anatazama moyo. Unafanya kwa chuki? Kwa uvivu? Kwa huruma? Mzigo si sawa. Lakini mzigo upo. Huwezi kusema haupo."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia, naye ameniruhusu kukuandikia. Alipokuwa binti, na yeye ilimpata, mimba yake ilitolewa. Hakusema kwa nini, nami sikumchimba. Akasema alikwenda kwenye hekalu la kwao, watawa wakamwombea yule mtoto, wakampa na jina, na kila mwaka Lan hupeleka maziwa na nguo ndogo ya karatasi, nayo huunguzwa ili imfikie. "Sisemi si dhambi," akasema. "Nasema nabeba. Na hekalu linanishika mkono nikibeba. Ba anataka Hetal asibebe mzigo wowote. Mtu asiyebeba kitu ni maiti."

Usidhani sikumuuliza na mtu wa dini yetu. Nilikwenda kwa maalim wa chuo cha Kurani cha jirani. Nilikaa nje ya mlango, mkewe kati yetu. Akasema kama ulivyotusomesha wewe: roho hupulizwa miezi minne ikitimia, na kabla ya hapo pia si mchezo wa mtu kuamka asubuhi akaamua. Lakini mama ni shina na mimba ni tawi, na penye kufa shina, halikatwi shina kulinusuru tawi. Akasema, "Mimi maalim wa watoto, bibi, kaulize wenye elimu." Nikarudi nikapiga hesabu ya mimba ya Hetal kwa kalenda ya ukutani. Miezi minne ilikuwa inakaribia. Nikawa siwezi kula. Kwa Ba roho imeshaingia zamani, kwa Lan imeshaingia zamani, kwangu mimi ilikuwa njiani inakuja, na kila kulipokucha niliona imesogea.

Hapo ndipo nilipokupigia, utakumbuka, nikakwambia nina mgonjwa hali mbaya, bila kutaja mimba. Ukaniambia, "Mchinjieni kuku, mtoe sadaka, balaa iondoke." Mama, nilikusikiliza. Sikufikiri. Nimezaliwa naona ukifanya hivyo, Hamisi alipougua degedege ulifanya, Baba alipoanguka mnazi ulifanya. Kwangu mimi ilikuwa kama kumpa mtu maji.

Jumamosi nikamchukua kuku tembe mweupe kwa jirani. Nikampitisha juu ya mabega ya Hetal uani, kama unavyofanya wewe, yeye anacheka kwa kukosa pumzi, anasema, "Zainabu, huyu ananidonoa." Hakujua mwisho wake ni nini. Nikampeleka kwa maalim akachinjwa huko, nje ya ua wetu. Nikapika wali na kuku huko huko kwao, kwa sufuria zao. Nilijiona nimeheshimu nyumba ya watu. Watoto wa chuo wakala wakashiba, na kwa adabu yao nzuri wakaja wote pamoja na maalim mpaka getini kwetu kusoma dua. Walipomaliza, kiongozi wao, mwenye sauti kama ya kipaza sauti, akasema, "Mwenyezi Mungu amponye Mama Hetal kwa baraka ya kuku huyu!" Wote wakaitikia amina.

Ba alikuwa barazani anatunga shanga za maua.

"Kuku gani?" akaniuliza.

"Ni sadaka, Ba."

"Nimekuuliza kuku gani."

"Yule mweupe. Tumemchinjia Hetal. Ni dua tu, kuondoa balaa."

Mama, sijawahi kumwona mtu amebadilika hivyo. Hakupiga kelele. Aliketi chini sakafuni, shanga zikamwagika, akaanza kulia kama aliyeletewa taarifa ya msiba. "Umetoa roho kwa jina la mkwe wangu," akasema. "Miaka yote hii hakuna tone la damu lililomwagwa kwa ajili ya mtu wa nyumba hii. Hata panya tunamtega tukamwachia shambani. Wewe umekwenda kununua kiumbe kinachopumua, umekipitisha juu ya mabega yake, umekiua. Huyo kuku naye alikuwa ni nani? Unajua alikuwa anakwenda wapi?"

"Ba, nisamehe, sikujua..."

"Damu hiyo ataibeba nani? Atabebeshwa huyo aliye tumboni!"

Mlango wa ndani ukafunguka. Hetal alikuwa ameshika ukuta, miguu imemvimba, midomo rangi ya zambarau. Alikuwa amesikia yote. Alianza kusema Kigujarati, akaacha, akasema Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Ba, unamlilia kuku."

"Ingia ukae, Hetal."

"Mimi wiki tatu nalala nimekaa. Hujanililia."

"Nakuombea usiku na mchana!"

"Unamwombea Mzee." Akapumua, akapumua tena, nikainuka kumshika akanizuia kwa mkono. "Kuku ana roho. Mtoto ana roho. Mzee ana roho. Panya ana roho, mnampeleka shambani. Mimi je, Ba? Mimi nina nini?"

Watoto wa chuo bado walikuwa getini na mikono yao yenye mafuta, maalim akawafukuza kwa ishara. Ba aliinuka kwa kushika nguzo, akaenda chumba chao cha sala, akafunga. Bwana Nilesh aligonga, hakufunguliwa. Lan aligonga, hakufunguliwa. Mimi sikuthubutu. Nilifunga mzigo wangu, Mama, nikauweka nyuma ya mlango wa jiko, nikisubiri kuambiwa niondoke.

Jumapili yote Ba hakula, hakunywa maji. Tulimsikia tu anasema peke yake ndani, mara kama anasali, mara kama anagombana na mtu.

Jumatatu kabla ya alfajiri Hetal alianza kukohoa povu lenye rangi ya damu. Nilipiga yowe. Ba ndiye aliyefika wa kwanza, kabla ya mwanawe. Alimtazama Hetal, kisha akamgeukia Bwana Nilesh aliyesimama na taulo shingoni, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemtuma dukani, "Ita gari. Ukifika hospitali utaweka saini pale watakapokuonyesha. Usinitazame mimi. Tazama karatasi."

"Ba, na Mzee?"

"Mzee ni mtu mzima. Atatafuta mlango mwingine."

Kisha akauona mzigo wangu nyuma ya mlango. "Huo wa nini? Nani atamkalisha mgonjwa njiani, mimi na mgongo huu?" Akanivuta mkono.

Lindi walimtoa maji mapafuni kwa sindano, wakamtuliza, wakasema moyo kama huu lazima ushughulikiwe Dar penye mashine. Ndivyo ilivyokuwa, Mama. Ndivyo nilivyokupita.

Naacha kidogo, muuguzi anaita.

*

Jioni, taa zimeshawashwa.

Yu hai.

Alitoka saa saba mchana. Alipoteza damu, wakamwongezea, na kwa muda mrefu hawakutaka kutuambia lolote zaidi ya "subirini". Bwana Nilesh alikuwa anazunguka ule ukumbi mpaka mlinzi akamwambia, "Mzee, kaa, unatutia kizunguzungu." Sasa yuko chumba cha uangalizi na mashine inasoma moyo wake. Daktari anasema hatari haijaisha, lakini anavuta hewa mwenyewe. Moyo wake watautengeneza akipata nguvu. Nilipoingia alikuwa amefungua macho. Nilidhani ataniuliza habari za mimba. Akauliza, "Ba yuko wapi?"

Nikamwambia ametoka kidogo. Sikusema uongo. Ba alikuwa nje ananisubiri.

Muuguzi alikuwa ameuliza familia inataka nini kifanyike na kile kilichotolewa. Bwana Nilesh akasema hospitali ifanye utaratibu wake, na machozi yakamkatiza. Ba akasema hapana. Sikujua, Mama, kumbe Wahindu wanaochoma maiti zao, watoto wachanga hawawachomi. Huwazika. Wana sehemu yao huku Dar, na mtunzaji. Na kumbe kwao pia wanawake hawaendi kuzika, kama kwetu. Ba akaniambia, "Hakuna mwanamume hapa mwenye nguvu ya miguu. Utakuja?" Nikasema nitakuja. Sikuwa na haki ya kuwa pale kwa dini yake wala kwa desturi yangu, nami nilikwenda.

Tulipewa kitambaa cheupe kilichokunjwa, kidogo kuliko leso. Ba alikibeba mwenyewe kwenye gari. Mtunzaji alichimba, mvua inanyesha, mimi nimeshika mwavuli. Ba akaweka, akamwaga maziwa kidogo, akatia maua mekundu. Kisha akasema naye. Alisema kwa Kiswahili. Yeye na Mzee wote wazaliwa wa Lindi, na nyumbani kugombana kwao siku zote kulikuwa kwa Kiswahili.

Akasema, "Kama ni wewe, Mzee, nisamehe. Umefika wakati nyumba haina nafasi. Nenda kwa jirani, nenda popote, nitakujua kwa ubishi wako."

Mtunzaji alishika koleo. Ba akamzuia.

"Na kama si wewe," akasema, sasa anatazama kile kitambaa kwa karibu kama mtu anayetafuta sura, "kama wewe ni mgeni tu, mtu nisiyemjua, basi nisamehe zaidi. Wewe nimekubishia mlango miezi mitatu kwa jina la mtu mwingine, na leo nakufukuza hata jina lako sijakuuliza."

Mama, hapo mwavuli ulinishinda.

Nilisoma kimoyomoyo ninachokijua, sikuisomea maiti, nilijisomea mimi. Tuliporudi Ba alikwenda moja kwa moja kwa Hetal bila kunawa miguu matope. Wamekaa mle ndani muda mrefu. Niliwaona kwa kioo. Ba alikuwa amemshika Hetal kisigino, kile kilichovimba, anakikanda.

Lan amepiga simu kutoka Lindi. Nikamweleza. Akauliza kama mtoto amepewa jina. Nikasema hapana. Akasema, "Basi msimpe haraka. Ataomba mwenyewe." Sikumwelewa vizuri, ila nimeandika alivyosema.

Sasa najua huko uliko una maneno. Pengine utaniambia nimeshiriki katika jambo zito. Ni zito. Wote niliowauliza, wa dini zote tatu, hakuna hata mmoja aliyeniambia ni jepesi, na mimi sikuombi useme ni jepesi. Wala sikuombi useme nilifanya vizuri. Naomba radhi yako tu, kwa yote mawili, kwa kukupita na kwa kwenda makaburini. Na kuhusu kuku, usijilaumu. Ulinipa dawa ya nyumba yetu, mimi ndiye niliyesahau niko nyumba ya nani. Ingawa nikifikiri sana, bila yule kuku sijui kama Hetal angesema aliyoyasema. Hilo nakuachia, mimi limenishinda.

Nisalimie kaka Hamisi, na umuulize, amewanunulia watoto daftari au bado ni maneno. Nisalimie mkewe na kichanga chao. Shangazi mwenye mashine ya kusaga umpe salamu za peke yake, kifua chake kiepushe na vumbi. Babu mwadhini namwombea, naye aniombee. Shaibu mwambie namwomba msamaha, nilimsikia akiita, na samaki wake walinukia vizuri hata pale. Mpe salamu na mama mkunga wa mtaa wa chini. Ukiona inafaa, mweleze yeye peke yake habari hii.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, ataishusha hapo Tingi dukani.

Ni mimi mwanao wa mwisho, ninayekuhitaji,
Zainabu

Alhamisi asubuhi, kabla sijaifunga: Hetal ameamka, amekunywa maji ya dengu. Mimi na Ba tulilala chumba kimoja, vitanda viwili. Alikuwa akiniuliza kila mara, "Zainabu, umelala?" nami nikawa namwambia, "Bado, Ba." Nilipata usingizi saa tisa na robo.